Mali ya Wakfu wa Mji ni ya Nani?

Bryan Mullanphy alikuwa tajiri wa St. Louis, jiji la Marekani lililo ukingoni mwa mto Mississippi, na aliwahi kuwa meya wake. Alipofariki mwaka 1851 aliacha wosia kwamba thuluthi ya mali yake iwasaidie wahamiaji na wasafiri maskini wanaopitia St. Louis wakienda kuanza maisha Magharibi. Wakati ule ilikuwa nia njema isiyo na kasoro. Watu walifika kwa maelfu, watoto wana homa, akiba imekwisha kabla ya safari yenyewe kuanza. Kisha reli ikaja. Magharibi ikajaa watu, na msafiri wa aina ile akaadimika mwaka hadi mwaka, lakini fedha zilikuwa pale pale, zikizaa faida na kumngoja maskini asiyepita tena njia hiyo. Maskini wengine walikuwepo tele, wakazi wa mitaa ya hapo hapo St. Louis, ila wosia haukuwataja.

Benjamin Franklin, aliyesifika kwa akili kuliko wengi wa zama zake, naye alinaswa. Katika wosia wake aliiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, zikopeshwe mafundi vijana waliooa, walio chini ya miaka 25, waliomaliza uanagenzi wao kwa fundi mkuu. Alifariki mwaka 1790. Haukupita muda mrefu viwanda vikaanza kumeza karakana ndogo, na wakopaji wenye sifa hizo wakawa wa kutafutwa kwa tochi.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelizunguka kwa karne nyingi: aliyekufa ana haki gani juu ya walio hai? Akitoa mali kwa ajili ya watu, je, ameshaitoa kweli, au bado ameishika kutoka kaburini?

Frederick Goff alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa mkuu wa benki ya Cleveland Trust, katika mji wa Cleveland, Ohio. Mtu wa benki huona wosia mwingi. Goff aliona jinsi matajiri wanavyofunga mali zao kwa masharti ambayo baada ya miaka 50 yatakuwa kichekesho, na akaja na dawa yake. Tarehe 2 Januari 1914 benki yake ilianzisha Wakfu wa Cleveland. Wenye mali wengi, wakubwa kwa wadogo, wangeweka urithi wao kwenye mfuko mmoja wa mji. Benki ingetunza na kuwekeza, na kamati ya wakazi ingegawa mapato. Kiini cha mpango kilikuwa sharti moja: kusudi la mtoaji likipitwa na wakati, kamati ina mamlaka ya kuzielekeza fedha kwingine kwa manufaa ya mji. Ulikuwa wakfu wa kwanza wa jamii duniani. Leo mifuko ya namna hiyo iko kwa mamia, na Afrika Mashariki haikuachwa nyuma: Kenya Community Development Foundation ilizaliwa mwaka 1997.

Msomaji aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja atashtuka kidogo. Wakfu anaoujua yeye haubadilishwi ovyo. Mafakihi wamefundisha kwamba sharti la aliyeweka wakfu lina nguvu kama ya nassi ya sheria, na madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ndiyo yenye msimamo mkali zaidi kuhusu kuuza au kubadilisha mali ya wakfu. Sababu yake ni nzito. Mali ile imeshatoka katika milki ya mwanadamu na kuwa ya Mwenyezi Mungu. Msimamizi ni mtunzaji tu, na mtunzaji hana idhini ya kugeuza kisichokuwa chake.

Kwa hiyo zipo hofu mbili, na zote mbili ni za haki. Fakihi anamhofia msimamizi mwizi, yule ambaye ukimfungulia mlango wa "manufaa ya umma" atauza kisima ajenge duka la shemeji yake. Goff anamhofia marehemu asiyeweza kuulizwa. Pwani inazijua hofu zote mbili: imeshuhudia mali za wakfu zikiyeyuka mikononi mwa waliokabidhiwa, na imeona pia nyumba za wakfu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar zikichakaa kwa sababu kodi wanayolipa wapangaji haitoshi hata kukarabati paa. Kama ni kuchagua, mwandishi wa makala hii yuko karibu na Goff. Lakini Goff aliuondoa mkono wa maiti tu. Swali la mkono uliobaki, ule wa walio hai, alilijibu nusu.

Tazama kamati yake. Ilikuwa na wajumbe 5. Wasingezidi wawili wa dhehebu moja la dini, na mwenye cheo cha siasa au anayekiwania asingekaa humo. Ni masharti ya mtu aliyefikiri, katika mji uliojaa wahamiaji Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi ambao kila kundi lilikuwa na shule, hospitali na nyumba zake za yatima. Ila ukiuliza nani anawateua, jibu ni hili: wawili benki, mmoja meya, mmoja jaji wa mahakama ya shirikisho, mmoja jaji wa mirathi. Yule ambaye fedha zile zipo kwa ajili yake hakupewa hata mjumbe mmoja.

Kwa miongo mingi hakuna aliyeona tatizo. Cleveland ilikuwa inanawiri kwa chuma, mafuta na vipuri vya magari. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 914,808. Wakfu ulilipia uchunguzi wa shule za mji, na baadaye uchunguzi maarufu wa mahakama na polisi, ulioongozwa na wanazuoni wa sheria Roscoe Pound na Felix Frankfurter na kuchapishwa mwaka 1922. Ukatoa misaada ya masomo na kuzisaidia hospitali. Ilikuwa kazi nzuri, ya watu wenye heshima zao.

Halafu mji ukaanza kuporomoka.

Jioni ya tarehe 18 Julai 1966, katika baa moja kwenye kona ya Hough Avenue na barabara ya 79, mteja Mweusi aliomba maji akanyimwa. Maji tu. Mtaa wa Hough ulikuwa umejaa familia za Weusi zilizobanwa katika nyumba mbovu za kodi kubwa, kwa kuwa mitaa mingine ilikuwa imefungwa kwao. Ghasia zikazuka na kuendelea karibu wiki nzima, askari wa akiba wakaletwa, na watu 4 wakauawa, wote Weusi. Injili ya Mathayo inamwahidi thawabu anayetoa hata kikombe cha maji baridi, na mafundisho ya Kiislamu yanakuweka kunywesha maji mbele kabisa katika orodha ya sadaka. Waliokaa kuichunguza fujo hiyo, baraza la mahakama la wilaya, walisema chanzo ni uchochezi wa wakomunisti.

Juni 1969 mto Cuyahoga unaopita katikati ya mji ulishika moto, kwa wingi wa mafuta na taka zilizoelea juu yake. Haikuwa mara ya kwanza, lakini safari hii nchi nzima ilicheka. Na tarehe 15 Desemba 1978 Cleveland ikashindwa kulipa madeni yake, jiji kubwa la kwanza la Marekani kufikwa na hilo tangu mdororo wa miaka ya 1930. Benki za mjini zilikuwa zimekataa kuongeza muda wa mikopo. Meya Dennis Kucinich alidai kwamba zilitaka kwanza auze shirika la umeme la mji. Benki hazikukubali maelezo hayo. Kinara wa benki hizo alikuwa nani? Cleveland Trust, benki ya Goff, ile ile iliyokuwa miongoni mwa wadhamini wa Wakfu.

Dini zetu zinafundisha kwamba mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia. Ni adabu ya kuiepuka riya. Sidhani mafundisho hayo yalikusudia mkono mmoja ugawe misaada na mwingine, wa mwili huo huo, uubane koo mji unaosaidiwa. Tuwe waadilifu: kamati ya Wakfu haikuwa na sauti katika uamuzi wa mikopo ya benki. Hata hivyo tukio hilo linafichua udhaifu wa sadaka inayotoka juu. Mtoaji anaweza kuwa mkarimu Jumatatu na mdai Ijumaa, na anayepokea hana la kusema siku zote mbili.

Katika miaka hiyo hiyo migumu Wakfu uliweka fedha mahali palipowashangaza wengi: majumba ya maonyesho. Eneo la Playhouse Square lilikuwa na kumbi 5 za fahari zilizojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, zenye marumaru na dari zilizochorwa. Nne zilifungwa kati ya 1968 na 1969, na mwaka 1972 mbili zilikuwa zibomolewe ili pawe maegesho ya magari. Wakazi walipinga, Wakfu na wengine wakachangia, kumbi zikarudi. Miaka ya 1980 Wakfu ulikwenda mbali zaidi na kununua jengo la jirani ili kuulinda mradi wote. Mtu anaweza kuuliza: mji una njaa, ninyi mnafufua dari? Swali ni halali, lakini halitoshi. Mji unaokubali uzuri wake wote ugeuzwe maegesho umeshakata tamaa, na waliokata tamaa huhama. Upungufu wa Playhouse Square ni kwamba aliyekaa Hough angeweza kulipenda jumba lile, pengine kuajiriwa humo, bila kumiliki chochote ndani yake.

Hatua ya kuvutia zaidi ilianza mwaka 2005. Mashariki mwa mji kuna eneo la University Circle, lenye hospitali ya Cleveland Clinic, University Hospitals na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve. Taasisi hizo zilikuwa zikinunua bidhaa na huduma za zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Zimezungukwa na mitaa kama Hough, Glenville na Fairfax, iliyo miongoni mwa mitaa maskini kabisa ya Ohio. Mabilioni yalipita juu ya vichwa vya watu kwenda kwa wauzaji wa mbali. Wakfu, chini ya rais wake Ronn Richard, uliwakalisha wakuu wa taasisi hizo meza moja na kuwauliza jambo la kawaida sana: mashuka yenu yanafuliwa wapi?

Mwaka 2009 ushirika wa kufua nguo ulifunguliwa Glenville, wa kwanza katika kundi la vyama vya ushirika liitwalo Evergreen. Dobi wa hospitali si dobi wa mtaani. Mashuka huja yamefungwa mifukoni, yana damu na dawa. Upande wa nguo chafu umetenganishwa na upande wa nguo safi, na anayefanya kazi huku haingii kule hivi hivi. Ni kazi ya joto, ya kusimama kutwa, ambayo kwingine hulipwa kima cha chini. Tofauti iko kwenye hati ya mshahara. Mfanyakazi akimaliza miezi 6 ya majaribio na wenzake wakamkubali, anaanza kukatwa senti 50 kwa kila saa ya kazi hadi zitimie dola 3,000, nazo ndizo hisa zake. Ana kura. Faida ikipatikana, sehemu inaingia kwenye akaunti yake. Wengi wa walioajiriwa walikuwa watu waliofungiwa milango, wakiwemo waliotoka jela.

Wazo hilo lina ukoo wa kidini, hata kama katika vikao vya Cleveland halikutajwa hivyo. Waanzilishi walijifunza kutoka Mondragón, mji mdogo wa Wabaski nchini Hispania, ambako padri Mkatoliki, José María Arizmendiarrieta, alifika mwaka 1941, akaanzisha shule ya ufundi, na mwaka 1956 wanafunzi wake wakaunda ushirika wa kwanza wa viwanda. Padri yule alilelewa katika mafundisho ya jamii ya Kanisa, ambayo tangu waraka wa Papa Leo wa XIII wa mwaka 1891 yamekuwa yakitaka mfanyakazi naye apate njia ya kuwa mmiliki. Na karne nyingi kabla yake, Musa bin Maimun, tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri chini ya watawala Waislamu, alizipanga sadaka katika ngazi 8. Chini kabisa aliweka anayetoa kwa kinyongo. Juu kabisa hakumweka anayetoa kingi, wala anayetoa kwa siri. Alimweka anayemkopesha mwenzake, anayeshirikiana naye biashara, au anayempa kazi, mpaka mtu huyo asihitaji tena kunyoosha mkono.

Kwa kipimo hicho, ushirika wa Glenville umepanda juu kuliko dari zote za Playhouse Square.

Lakini tusipambe. Mwanzoni zilizungumzwa ajira elfu kadhaa. Zilizopatikana ni mamia. Kwa miaka mingi hospitali zilizokaa kwenye meza ile hazikuwa na haraka ya kuhamisha mikataba yao mikubwa. Mkataba wa maana hasa ulipatikana mwaka 2018, Cleveland Clinic ilipoikabidhi Evergreen uendeshaji wa kiwanda chake cha kufulia. Miaka 9 ni mingi kumngoja jirani anayekusifia. Na Cleveland yenyewe ilihesabiwa watu 372,624 mwaka 2020, huku takriban watu 3 kati ya 10 wakiishi chini ya mstari wa umaskini, ilhali Wakfu una mali ya zaidi ya dola bilioni 2. Wanaosema wakfu wa jamii "umeufufua" mji wanatia chumvi. Umezuia mambo fulani yasife, na umeonyesha jambo moja linalowezekana.

Swali la mali ya nani liliulizwa kwa ukali zaidi Detroit, saa chache kwa gari kutoka hapo. Jiji hilo lilitangaza kufilisika Julai 2013 likiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18. Wadai wakatazama huku na huku, macho yao yakatua kwenye jumba la sanaa la mji, Detroit Institute of Arts, ambalo michoro yake ilikuwa mali ya jiji. Wapo waliosema iuzwe. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Michigan alisema haiuziki, kwa sababu inashikiliwa kwa amana kwa niaba ya watu. Upande wa pili walisimama wastaafu, madereva wa mabasi na wazima moto, ambao pensheni zao zilikuwa kwenye hatari ya kukatwa vibaya. Picha au mkate wa mzee: ndivyo wengi walivyoliweka suala lile.

Jaji Gerald Rosen, aliyekuwa msuluhishi, aliziita taasisi za wakfu. Wakfu wa jamii wa eneo hilo, Community Foundation for Southeast Michigan, ulikuwa mdogo kifedha ukilinganishwa na Wakfu wa Ford ulioahidi dola milioni 125 na Wakfu wa Kresge ulioahidi milioni 100. Wenyewe ulitoa milioni 10. Uzito wake ulikuwa kwingine: uliaminika na watu wa pale, ukasaidia kuwakutanisha wakubwa, na chombo kilichoundwa kupitisha fedha hizo kiliwekwa chini yake. Kwa jumla taasisi za wakfu ziliahidi dola milioni 366, jimbo likaongeza, jumba la sanaa likaahidi milioni 100. Picha zikabaki Detroit na kutolewa katika umiliki wa jiji. Wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni na kupoteza nyongeza ya gharama za maisha. Polisi na wazima moto hawakuguswa pensheni ya msingi, ila nyongeza yao ilipunguzwa. Wengi wao walipiga kura ya ndiyo mwaka 2014, wakijua kwamba bila mpango huo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Ni usuluhishi uliostahili pongezi, na bado una jambo linalokera. Pensheni haikuwa hisani. Ilikuwa ujira ulioahirishwa, deni ambalo katiba ya Michigan yenyewe iliahidi kulilinda. Kurani inataka deni na wosia vitekelezwe kabla ya mirathi kugawanywa, na hakuna sheikh wala padri atakayekusifu kwa kutoa sadaka huku mshahara wa kibarua wako umeukalia. Huko Detroit mpangilio uligeuzwa: haki ya mtu ikageuka kitu cha kuombewa michango, na mwenye haki akaambiwa ashukuru. Taasisi za wakfu hazilaumiwi kwa hilo. Zilikuta nyumba inaungua zikaleta maji. Lawama ni ya waliopanga mji kwa miaka 60 wakijua kwamba siku moja mtu mwingine atalipa.

Mwaka 2023 Wakfu wa Cleveland ulihama kutoka ofisi zake za Playhouse Square na kuingia katika makao mapya uliyojenga Euclid Avenue, ukingoni mwa Hough, na milango ya ghorofa ya chini ikaachwa wazi kwa wakazi. Ni hatua. Ukaribu wa jengo hata hivyo si ukaribu wa uamuzi, na kura katika bodi bado ni kitu tofauti na kikombe cha kahawa sebuleni mwa bodi.

Wanaounda mifuko ya jamii leo Kisumu, Tanga au Mombasa wana nafasi ambayo Goff hakuitumia. Waandike kwenye katiba ya mfuko, tangu siku ya kwanza, ni viti vingapi vya kamati vitakaliwa na wanaopokea, nani anawachagua, na kwa njia gani wanaweza kumwondoa mdhamini aliyewachosha. Hayo yakisubiri mpaka mfuko unenepe, hayataandikwa.